Mpaka wa Mzee Ngowa

Shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kusema. Mashimo yakitajwa hapa Junju, natajwa mimi Marvin peke yangu. Choo cha futi thelathini nachimba huku naimba. Kwa hiyo anayedhani mimi mwoga, akaulize. Haya yalimpata jirani yangu, na nayaeleza nikiwa na hasira.

Jirani mwenyewe ni mzee Ngowa, aliyenifundisha kushika mtaimbo. Shimo lake ungelijua hata ukilikuta Ganze: mdomo mwembamba, chini limetanuka kama tumbo la mtungi. Nilijaribu kuiga nikashindwa, na mimi si wa kushindwashindwa.

Alikuwa na watoto wawili. Oliver anakaa Nairobi, anakuja Krismasi. Idah alirudi kutoka kwa mume, akamlimia babake miaka tisa. Mzee alisema shamba litakatwa nusu kwa nusu. Angepanda mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu ya kuwekea mpaka, kutoka kisimani hadi barabarani, kisha aende kwa wakili akaandike wosia. Lini? Jumatatu. Kila wiki ni Jumatatu.

"Babu, wosia wa nini? Unaumwa?" nikamtania siku aliyosimama aende. "Hayo ni mambo ya wenye maghorofa. Wewe una mihogo na mbuzi mwenye kikohozi."

Akacheka, akaketi tena. Mdomo wangu huu! Ningeukata.

Jumamosi asubuhi alianguka kwenye mihogo. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, ulimi ukafunga. Hospitali wakatuambia atalala hivyo hivyo, labda wiki, labda mwezi.

Oliver alifika kesho yake. Hospitali aliipita tu. Alikuja moja kwa moja shambani na mnunuzi na utepe wa kupimia.

"Kaka, baba hajafa," Idah akamwambia.

"Nani kasema kafa? Napima tu."

"Nusu ni yangu. Alisema mbele ya Marvin."

Oliver akanitazama kuanzia ndala hadi kichwani. "Huyu ndiye karatasi? Nionyeshe karatasi, dada. Kama huna, anza kufunga vyombo."

Jumatatu asubuhi nilikatiza pale nikienda kazini. Katikati ya mihogo, kuanzia kisimani, palikuwa na mashimo saba. Mstari umenyooka kama kamba. Ndani ya kila shimo kimesimamishwa kijiti cha mnyaa, bado hakijafukiwa. Nikapiga magoti, nikatia mkono kwenye la kwanza. Mdomo mwembamba. Chini limetanuka.

Nikautoa mkono haraka.

Oliver alitoka akifoka. "Ni wewe! Idah kakutuma!"

"Ningekuwa mimi ningekwisha kujisifu," nikamjibu. Hilo hata yeye analijua. Akang'oa vijiti vyote, akafukia kwa teke.

Mchana Idah akanipigia kutoka wodini. Alinong'ona.

"Marvin, uko peke yako?"

"Niko."

"Kucha za baba zina udongo mwekundu."

"Ni ule wa siku aliyoanguka, dada."

"Nilimwosha jana. Na kiganja kinanata. Kina utomvu." Akashusha sauti zaidi. "Mkono wenyewe ni wa kulia."

Jumanne mashimo yalikuwa kumi na moja. Jumatano kumi na tano. Oliver anang'oa, kesho yanarudi na kuzidi, na kule wodini mzee anakonda kama anayekamuliwa. Idah akamwomba kaka yake kwa machozi: acha kung'oa, baba anaanza upya kila siku, unammaliza. Oliver akasema dada yake amerogwa na mihogo. Alicheka peke yake.

Ijumaa nikasema mimi ndiye mwanaume, nitalinda. Saa sita mchana, jua la utosi, nikaweka mtaimbo wangu chini mwishoni mwa mstari, nikaukalia, nikatazama barabarani. Lilibaki shimo moja tu mstari ufike.

Hapakuwa na upepo. Kuku walinyamaza.

Du.

Udongo ukaruka. Hapakuwa na mtu.

Du.

Mtaimbo nilikuwa nimeukalia. Niliupapasa. Upo.

Kisha nikasikia pumzi. Pumzi nzito, inayotokea upande mmoja wa mdomo. Du. Shimo likazama. Du. Pumzi ikakwama. Ikajaribu tena. Ikakatika.

Nilikimbia. Ndiyo, mimi. Cheka.

Simu ikalia nikiwa barabarani. Ni Idah. Alilia tu. Shimo la mwisho liliishia kina cha magoti.

Mochari, mhudumu alimgeuza mzee kiganja cha kulia, akatuuliza, "Huyu alikuwa kibarua wapi?" Kiganja kilijaa malengelenge mabichi. Moja lilikuwa limepasuka.

"Mvalisheni glavu," Oliver akasema kwa sauti ya chini. Nyeupe. Akazifunga mwenyewe kwa uzi kwenye vifundo vya mikono, mafundo mawili mawili, na hivyo ndivyo tulivyomzika, kwenye joto lile.

Wazee wa ukoo wakaketi. Nikaeleza yote, hata kukimbia kwangu. Mmoja akasema mstari haukufika barabarani, na shimo si maandishi; shamba lote ni la Oliver. Basi! Miaka tisa ya jembe la Idah ikaishia hapo. Nikawatukana, wakanifukuza. Nusu saa kwa wakili ingetosha, mdomo ukiwa unasema na mkono ukiwa unashika kalamu! Na wewe unayesoma huku ukijisemea una afya, una shamba, Jumatatu utakwenda: nenda leo, mjinga wewe.

Siku aliyotolewa Idah nilimbebea sufuria. Oliver alitufuata nyuma na kufuli mkononi. Tulipokaribia barabara Idah akasimama ghafla.

Shimo la mwisho lilikuwa limekamilika. Mnyaa umesimama ndani, utomvu bado unatiririka. Pembeni ilikuwepo glavu moja nyeupe, ya mkono wa kulia. Kiganja chake kilikuwa kimelika chote. Uzi bado umefungwa, mafundo mawili, hayajaguswa.

Idah aliiokota, akamnyooshea kaka yake.

Oliver akarudi nyuma hatua mbili. "Hiyo nayo si karatasi," akanong'ona.

Idah akaniwekea mimi mkononi. Ndani mlikuwa na joto.