Paipu Mpya ya Pijo

Mambo haya yalimpata Abdulatif, rafiki yangu wa Mwembesongo, alipokuwa akilitengeneza Pijo, gari la marehemu baba yake, ili akamchukue mama yake kijijini Matombo. Paipu ya breki ilikuwa imeoza kwa kutu, na miteremko ya Uluguru haina mzaha.

Dukani aliomba ya shaba, maana hukunjika kirahisi. Muuzaji, Bonifasi, akamsogezea ya chuma.

"Shaba inapasuka kwa mtikisiko, kaka. Chukua hii."

"Mbona unanilazimisha hii?"

Bonifasi akaanza kuandika risiti. Abdulatif akaichukua, lakini moyo haukutulia.

Alasiri ile, katika banda lake lisilo na dirisha, umeme ukiwa umekatika, aliipuliza kabla ya kuifunga. Pumzi haikupita.

"Kaniuzia iliyoziba!" alifoka.

Akaipapasa gizani hadi ncha ya pili, akakuta kifuniko cha mpira bado kimeibana. Kabla hajakigusa, ile ncha iliyo wazi ikatoa pumzi ndefu, ya moto, kama ya mtu aliyelala. Ikanyamaza. Ikahema tena.

Abdulatif akaiziba kwa kidole gumba. Ndani ya chuma, kitu kikaanza kukivuta kidole chake, taratibu, kama mtoto anyonyavyo.