Askari wa Kitabuni

"Usichane!"

Walisema wote wawili kwa pamoja, na muuza karanga akabaki na kitabu mkononi, hajui amsikilize nani.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Iringa limefurika na baridi ya Juni inauma masikio. Muuza karanga alikuwa amenunua vitabu vikuukuu afungie karanga zake. Hiki alichokuwa akikichana kilikuwa hadithi ya mapenzi ya zamani, ya vita vya Wajerumani, na kurasa zake za mwisho zilikwisha kwenda na wateja.

"Nimekiona mimi kwanza, dada," alisema kijana. Alivaa koti la kahawia lililopigwa pasi ikakolea, na kofia ya viua.

"Umekiona kwa macho, kaka. Mimi mkono wangu uko juu yake."

"Basi tukinunue kwa shirika."

"Shirika na mtu nisiyemjua hata jina?"

"Isihaka wa Mbeya, karani wa malori. Haya, umenijua. Sogeza mkono."

Yule dada, Zuena, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Kalenga, msichana wa sala tano ambaye mama yake hakupata kumwona akicheka na mwanamume sokoni. Lakini siku hiyo alicheka, na kitabu kikaenda nyumbani kwao.

Tangu hapo, kila lori la Isihaka lilipolala Iringa, jioni walikutana barazani kwa mama yake Zuena. Danieli, jirani yao, mwalimu wa misheni, alikuja. Paskalina, muuguzi, alikuja na sufuria ya viazi. Isihaka ndiye aliyesoma kwa sauti. Kitabuni, askari mmoja wa pwani alifika Uhehe, hukuhuku Iringa, na jeshi la Mjerumani, akapewa msichana mateka, naye akampenda. Mama alileta chai, akasikiliza kidogo, akaingia ndani.

Akiwa Mbeya, Isihaka alipiga simu dukani kwa tajiri wa Zuena.

"Halo, mwenye mkono!"

"Nani huyo?"

"Mshirika wako. Umesoma bila mimi?"

"Kurasa mbili tu."

"Mwizi we! Nikija utanilipa."

"Kwa kitu gani, kwa viazi vya Paskalina?"

"Kwa kumwambia mama kwamba wazee wangu watafika kabla ya Idi Kubwa. Zuena? Umesikia, mpenzi?"

"Tajiri ananitazama," alinong'ona, na uso wote ulikuwa moto.

Isihaka aliporudi Iringa, jioni ile kurasa zilipowaishia, Danieli alisema, "Haya, kila mtu atoe maoni. Mwisho ulikuwaje? Mimi nasema walioana. Mapenzi yalishinda vita."

"Hadithi tamu hivi haiwezi kuisha vibaya," alisema Paskalina. "Nililia pale askari alipomfunika kwa koti lake."

"Wakazaa, wakazeeka pamoja," alisema Isihaka, akimtazama Zuena kwa tabasamu.

Zuena alipenda kubishana, naye siku hiyo alikuwa na furaha, na furaha haina breki. "Mapenzi gani? Msichana aliletwa na kamba shingoni! Angesemaje hataki? Mwandishi ametupaka asali mdomoni. Askari yule ni mwizi tu, na watoto wa nyumba ile ni watoto wa wizi."

Danieli na Paskalina wakaangua kicheko. Isihaka alikiweka kitabu juu ya mkeka, akaaga. Chai yake aliiacha.

Majuma yakapita, simu haikulia. Mwisho Zuena akaenda posta, akampigia mwenyewe.

"Isihaka, mpenzi wangu, nimekukosea nini?"

"Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Alimtwaa bibi yangu hukohuko kwenu Kalenga. Baba yangu ni mtoto wa nyumba ile."

"Wallahi sikujua!"

"Ndiyo maana ulisema kweli ya moyo wako."

Simu ikakatika.

Zuena akapanda basi kwenda Mbeya kuomba radhi. Nyumba aliipata kwa kuuliza, nyuma ya soko, ukungu wa mlima umeshuka mpaka kwenye mabati. Kikongwe alikuwa uani akimenya maharage. Ndiye Bi Mwantumu, bibi yake Isihaka.

"Kamwene, bibi," alisema Zuena, salamu ya Kihehe.

Mikono ya kikongwe ikasimama. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Mama yangu. Nimetoka Iringa. Niliitukana nyumba yako, bibi, nimekuja kuomba msamaha."

"Ulisema nini hasa? Rudia."

Zuena akarudia, kwa sauti ya chini. Isihaka alikuwa amefika mlangoni, na amesikia.

"Sasa tusi liko wapi?" aliuliza Bi Mwantumu. "Kamba ilikuwa ya ngozi. Hili jina la Mwantumu nilipewa njiani. Hakunipiga, alinilisha, watu wakasema ananipenda. Nami nani aliniuliza?"

"Bibi," alisema Isihaka, "si ulituambia ulimpenda babu?"

"Nilikwambia ulipokuwa mtoto. Mtoto hupewa uji, baba, hapewi mifupa." Akaendelea kumenya.

Isihaka alimsindikiza Zuena mpaka stendi. Walifika basi likianza kunguruma.

"Sina hasira nawe," alisema Isihaka.

"Basi njoo Iringa. Leta wazee."

"Niketi kwenye mkeka wa mama yako, mtu wa Kalenga, niombe binti wa Kihehe? Kwa jina la babu yule?"

"Mimi sikutekwa, Isihaka! Nimekuja kwa basi, kwa miguu yangu. Nimekutaka mwenyewe."

Machozi yalimtoka kijana, yakashuka hadi kwenye kola ya koti. "Najua. Lakini kila nikikutazama nitamwona bibi akiwa msichana. Nitakuwa mume gani wa kukuogopa hivyo? Nenda, Zuena. Mungu akupe anayeweza."

"Nilikuwa nimekwisha kupewa," alisema Zuena, akapanda.

Basi likaondoka. Alijaribu kusoma dua ya safari, mwanzo wake ukampotea, akaanza tena, ukampotea.

Mama mmoja aliyeketi kando yake akamgeukia. "Umefiwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Pole sana. Nani wako?"

Zuena akafumbua kinywa. Hakuwa mume, hakuwa mchumba mbele ya wazee, hakuwa ndugu. Akatafuta neno la kumwita, basi likipanda kilima, asilipate.