Mwoga wa Mteremkoni

Kila jioni, akishatoka shule, akaosha vyombo na kufagia ukumbi, Gia alikimbilia mteremkoni. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kwenda polepole. Hapo mteremkoni watoto wa mtaa walishindana kwa vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi, na Gia ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashindano. Nani ataendesha, nani atasukuma, nani atakaa pembeni na kula vumbi, yote aliamua yeye.

Ukubwa huo aliupata kitabuni. Alikuwa ameazima katika maktaba ya shule kitabu cha historia ya mbio za magari ya langalanga, zile ziitwazo Grand Prix. Aliwasimulia wenzake habari za madereva wa zamani walioshindana kwa kofia za kitambaa na miwani tu, bila mkanda wa kiti, kwani baadhi yao waliona ni afadhali kurushwa nje kuliko kufungiwa ndani ya gari linaloungua. Alisimulia vizuri, tusimnyime haki yake. Ila alisimulia ushindi tu, na kurasa za misiba alizifunua harakaharaka bila kuzisoma.

Gia alilelewa na mama yake mdogo, fundi wa breki katika gereji ya mtaani. Mama mdogo naye alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, rika moja na Gia, mpole, mtu wa kukagua beringi zake mara mbili kabla ya kupanda kigari. Gia alimbandika jina la Taratibu, likamganda hata darasani. Mama yake alimruhusu kushindana kwa sharti moja, kwamba avae helmeti ya pikipiki aliyomtafutia huko gereji.

Siku ya fainali Taratibu alifika na helmeti yake, kubwa, imemshuka hadi kwenye nyusi. Watoto wakaangua kicheko. Gia akaona hapo ndipo pa kuonyesha ukubwa.

"Mwenye helmeti haendeshi," akasema. "Hizi ni mbio za mabingwa. Mwoga akamsaidie mama yake kufua."

Taratibu alijaribu kueleza kwamba mama amemkataza kuivua. Hakumaliza. Watoto walikwisha kudaka neno, mwoga, mwoga, mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa hajawahi kufika fainali, na alitamani mno kushinda mara moja tu maishani mwake. Gia akamvua helmeti kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka chini, akaikalia kama kigoda. Taratibu akapanda kigari kichwa wazi.

Hakufika mbali. Gurudumu la mbele lilinasa katika ufa wa lami, kigari kikapinduka, na uso wa Taratibu ukagonga ukingo wa saruji wa mtaro. Alipoinua kichwa, meno yake ya mbele hayakuwapo, na taya lilikuwa limekwenda upande. Wale waliokuwa wakiimba mwoga walitimua mbio, kila mtu kwao.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Hakuweza kusema, na chakula chake kikawa uji wa kunyonya kwa mrija. Mama mdogo alifika na ovaroli yake yenye grisi, akauliza helmeti ilikuwa wapi. Gia aliogopa. Aliogopa kufukuzwa nyumbani, aliogopa kuchapwa, na zaidi aliogopa kuonekana alivyo.

"Aliivua mwenyewe, mama mdogo. Nilimkataza, akakataa kusikia."

Mama mdogo akamgeukia mwanawe, akamtaka aitikie kwa kichwa kama ni kweli. Taratibu alimtazama Gia kwa muda mrefu. Kisha akaitikia. Alijua akikataa ataitwa mwoga tena, na safari hii na msaliti juu yake.

Basi mama mdogo akawa anamgombeza mgonjwa. Kila jioni, huku akimsogezea mrija, alimwambia kwamba amejitakia, kwamba ni mkaidi, kwamba amemvunja moyo. Taratibu alimeza uji na maneno pamoja. Gia alikaa kando ya kitanda akitazama miguu yake, moyo ukimsuta, mdomo umefungika kuliko wa mwenye waya.

Ili mgonjwa asichoke, mama mdogo alimwagiza Gia amsomee kile kitabu. Gia akasoma kama kawaida yake, ushindi baada ya ushindi. Jioni moja alipofunua kurasa mbili kwa pamoja, Taratibu alimshika mkono, akairudisha ile aliyoiruka, akaweka kidole juu yake. Mama mdogo alikuwa dirishani anakoroga uji. Gia hakuwa na njia, akasoma.

Ukurasa ulieleza habari za dereva mmoja aliyeanguka siku ya mvua, akabanwa na usukani ndani ya gari huku petroli ikimmwagikia mwilini. Waliomwokoa ilibidi waazime spana kwa mtazamaji ili waufungue usukani. Alipopona, akaanza kudai mikanda, madaktari na vizuizi salama viwanjani, kwa kuwa alikuwa amechoka kuzika rafiki zake. Na wapo waliomcheka, wakamwita...

Gia akaishia hapo. Taratibu akagonga kidole juu ya neno lile.

"Mwoga," Gia akasoma, akalia. "Mama mdogo, mimi ndiye niliyemvua helmeti. Niliikalia."

Mama mdogo aliweka bakuli chini. Alikaa kitandani, akaushika mkono wa mwanawe, akamwomba msamaha, na kwa muda mrefu hakumtazama Gia. Kesho yake alimpeleka mteremkoni, akamsimamisha mbele ya watoto wote, akamwamuru aseme alichofanya. Tangu hapo ikawa sheria kwamba asiye na helmeti hapandi kigari. Mama mdogo alitafuta kuukuu za kuwatosha.

Waya ukatolewa. Taratibu alirudi mteremkoni, akatoa kauli yake ya kwanza, na maneno yakatoka na mluzi kwenye mapengo. Watoto wakamwigiza. Gia aliwakemea, wakamcheka na yeye, wakamwambia kazi hiyo si aliianzisha mwenyewe? Akakimbilia gereji akilia.

Mama mdogo alikuwa amelala chini ya gari. Alitoka, akajifuta mikono.

"Helmeti nimewatafutia, na taya daktari ameliunga," akasema. "Lakini kumcheka mtu mpaka aache kujilinda, hilo uliwafundisha wewe. Uwongo nao uliusema mara moja, mwenzako akaulipa kila siku pale kitandani. Mimi nimeshakusamehe, Gia, lakini kusamehewa hakukumalizii kazi. Nenda ukasimame upande wake. Wakikucheka, vumilia, kama alivyovumilia yeye."

Gia alipanda mteremko. Walianza kumcheka hata kabla hajafika. Alikwenda kusimama karibu na Taratibu, akabaki hapo. Taratibu hakumwambia karibu, wala hakumwambia ondoka.