Macho ya Kuazima

Wino ulikauka kila mahali isipokuwa machoni.

Endah alipitisha kidole juu ya jalada la kijitabu cha kwanza. Maua ya pembeni yalikuwa makavu. Jina la marehemu lilikuwa kavu, na shavu la mtoto pia. Alipofika machoni kidole kikarudi kimelowa, wala si kwa rangi. Yalikuwa maji tu, maji yenye harufu ya tope la mfereji.

"Yanto, mashine yako inatoka jasho?"

Yanto, fundi wa kuchapa, hakuinua hata kichwa. "Mashine yangu haina neno, Mbak, dada yangu. Wewe ndiye unayemlilia kila maiti anayepita hapa. Siku moja tutachapa kwa machozi, wino tuuache."

Wakacheka. Endah akayafuta yale macho kwa upindo wa kilemba chake. Alipogeuka kuyatazama tena, yalikuwa yamelowa.

Pale mjini Klaten, Java, duka lile liliishi kwa marehemu kuliko kwa maharusi. Mtu akifa, arobaini yake ikikaribia, watu wake huchapisha vijitabu vya Yasini vyenye picha yake juu, wagawiwe wasomaji, kila mmoja arudi nacho nyumbani. Hakuna anayethubutu kuvitupa, maana ndani mna maneno ya Mungu. Basi kila kabati la mji ule lina rundo lake, majirani waliokufa wamelaliana kimya, nyuso juu.

Vijitabu hivi vilikuwa vya Ratri, binti wa Bu Marsih, mama muuza tempe ya soya; Ratri alikuwa amezama kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Bu Marsih alikuwa na picha yake moja tu, uso uliokatwa kutoka picha ya darasa zima, ukatumwa simu hadi simu mpaka ukachoka.

"Naomba anitazame, Mbak," alikuwa amesema, akiishika simu kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. "Hapa hanitazami. Anatazama ukungu."

Endah aliijua kazi yake. Picha ya simu ni kama shanga zilizopangwa. Ukiivuta iwe kubwa, shanga zinaachana na uso unageuka vigae. Mchoro wa mistari hauna shanga. Utandaze ukuta mzima, kingo zake zitabaki kali kama wembe. Kwa hiyo aliuweka uso wa Ratri chini, akaufuata juu yake mstari kwa mstari kwenye kompyuta. Akachora nywele, kidevu, tundu dogo la shavuni. Alipofika machoni hakukuta cha kufuata. Palikuwa na madoa mawili ya kiza.

Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia onyo moja: pale ambapo picha ya marehemu haijui, na wewe usijue. Acha kivuli. Endah alilishika onyo hilo miaka yote. Lakini kila alipokuja dukani, Bu Marsih alileta tempe ya moto ndani ya jani la mgomba, na kipande kikubwa alimpa Kinasih, binti wa Endah, aliyeshinda dukani na mama yake kwa kuwa baba yuko kiwandani Batam. Alimpulizia kwanza ipoe, ndipo akampa. Mama aliyefiwa anampulizia chakula mtoto wa mwenzake! Nani angempa mtu huyo kivuli?

Endah alifungua simu yake, akachagua picha ya Kinasih akicheka, akayachora macho yale na kuyapachika kwenye uso wa Ratri. Yalikaa sawasawa, kana kwamba yalikuwa yakingojewa.

Bu Marsih alipoiona picha kubwa ya ukutani aliyokuwa ameiagiza, alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye vipande vya karatasi. Akaichukua kwanza, vijitabu vikabaki kuchapwa kesho yake. Na kesho yake ndiyo hiyo wino ulipogoma kukauka.

Mchana ule ule Kinasih alitoka uani akaigonga meza kwa paji la uso.

"Mama, mbona mmezima taa?"

Jua lilikuwa utosini. Endah alimshika mashavu. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, meusi, mazuri, nayo yalitazama pembeni kidogo ya uso wa mama yake. Kwenye zahanati, muuguzi aliyamulika kwa kurunzi, akasema ni mazima kabisa. Akampa Kinasih peremende na kumwambia Endah apumzike.

Njiani kurudi, mtoto aliyekuwa mgongoni akasema polepole, "Yule mama mwingine anafagia."

"Mama gani, mwanangu?"

"Wa tempe. Ana beseni la bluu. Analia, halafu ananichekea."

Kinasih hakuwahi kuingia nyumba ya Bu Marsih. Endah alikuwa ameingia, siku ya mazishi. Beseni la bluu lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Jua lilipoanza kuzama, saa ambayo kina mama wa kule huwaita watoto ndani na kufunga milango, Endah alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, Kinasih amelala nyuma yake juu ya marobota ya karatasi. Aliufungua ule mchoro ili ayafute macho. Kabla ya kufuta akataka kuyaona kwa karibu, akalikuza jicho la kushoto, naye alijua fika kwamba mle ndani mna mistari sita tu, kwa kuwa aliichora mwenyewe. Lakini alipokuza ikaonekana mingine, na alipozidi kukuza mingine tena, myembamba kama unywele, ambayo hakuna mkono wa mtu ulioichora, na ndani ya mboni, pale panapopaswa kuwa na weusi mtupu usio na mwisho, palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha chumba, na ndani ya chumba mwanamke aliyeketi akiwapa watu mgongo, kilemba chake kina unyevu kwenye upindo, na nyuma ya mwanamke marobota ya karatasi na mtoto aliyelala, na katikati ya mwanamke na mtoto kitu kifupi kilichosimama kikichuruzika maji, na Endah akiwa hana pumzi ya kupiga kelele alisikia nyuma ya kisogo chake, tone, halafu tone, halafu karatasi ikikunjika polepole chini ya unyayo mdogo uliolowa.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Juu ya karatasi nyeupe nyayo zilikuwa zimekwenda hadi alipolala Kinasih, na hazikurudi.

Nyai Solikhah, aliyewafundisha watoto wa mtaa Kurani, alikuja na kanga yake begani bila kuuliza maswali mengi. Alimsomea mtoto, akapulizia maji, akamnawisha uso. Harufu ya tope ikarudi nyuma hadi mlangoni, ikasimama hapo.

"Usimsingizie Ratri," alinong'ona. "Ratri yuko kwa Mola wake. Lakini kila mtu huzaliwa na jini wake, na mtu akifa, jini hubaki hana pa kukaa. Huyu alikuwa akipapasa gizani. Wewe ukamfungulia dirisha."

"Nimeyafuta macho kwenye mchoro, Nyai. Vijitabu tumevipaka weusi machoni, vyote."

"Na ile ya ukutani?"

Endah akamvuta Kinasih karibu.

"Hiyo ndiyo nyumba yake. Na anayemkaribisha asiporidhia atoke, mimi nitasoma mpaka nikauke koo."

Wakaenda asubuhi, Kinasih mgongoni. Bu Marsih aliwawekea chai kabla hawajasema neno. Picha ilikuwa juu ya beseni la bluu, na mbele yake sahani ya wali uliopoa. Endah alisimulia yote huku akilia. Bu Marsih alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Wako anaona giza," akasema. "Wangu yuko gizani. Huruma ipite wapi?"

"Bu, si yeye yule."

"Najua si yeye!" Sauti ilimpasuka, kisha akaishusha, maana Kinasih alishtuka. "Mama asimjue mwanawe? Najua. Lakini jua likizama nikamwita, anaitika. Nyumba hii ilikuwa imekaa kimya, Mbak, kimya mpaka masikio yananiuma. Niletee kingine kinachoitika. Nitakupa hiki."

Wanasema wema hauozi. Endah alirudi dukani siku ile akiona wema wake wote umevunda mikononi.

Alijipiga picha. Akafungua uso wa Ratri wenye madoa mawili ya kiza, akayachora macho yake mwenyewe juu ya madoa yale, taratibu, bila kuharibu mstari.

"Futa, Mbak," Yanto alisema. Safari hii hakuwa na utani. "Mwachie kivuli. Atazoea, watu wote huzoea."

"Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Basi nichapie."

Yanto akachapa. Alisimama ameipa mashine mgongo mpaka ilipomaliza, kisha akaifunga ile picha vizuri sana kwa karatasi ngumu, pembe zote nne, kama mtu anayemvika mgonjwa sweta.

Bu Marsih aliitazama kwa muda mrefu. "Macho ya nani?"

"Ya mtu aliyeridhia."

Bu Marsih aliishusha ya zamani mwenyewe, Nyai akayasomea macho ya picha hiyo na kuyaosha kwa maji mpaka karatasi ikabaki tupu. Upepo wenye harufu ya tope ulipita sebuleni, na Kinasih, mlangoni, akapepesa macho.

"Mama! Una masizi puani!"

Endah alicheka na kulia kwa pamoja, akimbusu mtoto kila mahali. Bu Marsih aliisikia furaha ile. Akageukia ukuta, akaitundika picha mpya.

"Na hiyo nayo ishushe, Bu," alisema Nyai kwa upole.

"Hii Mbak kaniletea mwenyewe."

Nyai alimtazama Endah, akakusanya kanga yake, akatoka.

Tangu hapo jua linapozama nyumba ya Endah hufifia. Hukaa chini popote alipo asijikwae, na Kinasih hushika mkono wake na kumsimulia kilichomo chumbani ili mama asiogope. Endah humsikia kwa mbali. Anachoona ni chumba kingine, kutoka juu ukutani, na Bu Marsih akiandaa wali, akiupulizia upoe, akiinua uso wenye mapenzi ambayo hayana pa kwenda.

"Kula, mwanangu."

Endah hawezi kumjibu. Kule ana macho tu, hana kinywa. Lakini chini kidogo ya macho yake kuna mwenye kinywa.

"Ndiyo, Mama," humjibu.

Jana kitu kile kilikula hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha kikauliza, kwa sauti tamu ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Mama, yule mtoto wa dukani atakuja lini tucheze?"

Bu Marsih, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto kitu, alipapasa kioo cha picha kwa ncha za vidole, pale pale juu ya macho ya Endah.

"Kesho," alisema. "Kesho nitamfuata."