Kashata Mlangoni kwa Yesid

"Hii ya nani?"

Nayra hakuwa hata amevuka kizingiti. Begi bado liko mgongoni, uchovu wa usiku mzima ndani ya basi la kutoka Medellín umemjaa mwilini, na mkononi ameshika kifuko cha karatasi alichokikuta kinaning'inia kwenye kitasa cha mlango. Kimefungwa utepe mwekundu. Ndani yake kashata za nazi, bado laini.

Yesid alikuwa nyuma yake anahangaika na funguo. Alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, na Nayra akaliona hilo.

"Aaa, hiyo? Mchezo wa ofisini huo, mpenzi. Rafiki wa siri."

"Ndiyo nini?"

"Si Septemba hii! Mwezi wa mapenzi na urafiki. Mnaandika majina, kila mtu anachomoa moja. Yule uliyemchomoa unamlisha vitamu kimyakimya asijue ni nani. Mwisho mnakutana, mnafichuana, mnapeana zawadi. Kwenu Bolivia hamna?"

"Mchezo wa ofisini."

"Eeh, wa ofisini."

"Na hapa ni ofisini?"

"Wewe nawe! Kuna watu wanapenda vituko. Ingia basi, umeganda hapo na kifuko kama umetumwa kukiuza."

Nayra akaingia. Kashata moja akaila, tamu kweli, na utamu wenyewe ukamkera.

Huyu binti alitoka Cochabamba, juu milimani, kwenda Colombia kusomea kilimo kwa mwaka mmoja. Wiki ya kwanza tu Medellín, akakutana na Yesid, kijana wa pwani mwenye mdomo wa asali, aliyekuwa anamalizia masomo yake huko. Wakapendana hasa. Juni, Yesid akarudi kwao Cartagena kufanya kazi kwenye kampuni ya mizigo, na tangu hapo wimbo wake kwenye simu ulikuwa mmoja: "Baki, Nayra. Ongeza mwaka, tuoane." Kubaki kulikuwa na bei yake. Ufadhili wa kwao ungekatika, na nafasi yake chuoni Cochabamba angepewa mwingine. Chuo kilitaka jibu Jumatatu. Ndiyo maana alipanda basi: amtazame huyu mwanaume machoni kabla ya kutupa kila kitu kwa ajili yake.

Na aione bahari. Bolivia haina bahari, na Nayra, na miaka yake ishirini na miwili, hakuwahi kuigusa.

"Twende sasa hivi," alimwambia baada ya kuoga. "Hata dakika tano tu."

"Jua hili? Utaungua, mpenzi. Kesho."

"Basi tutoke tukale."

"Nimeshaagiza chakula. Kinakuja hapahapa."

Nayra akamtazama. Mtu wa pwani, siku ya Ijumaa, muziki unapigwa kila kona ya mtaa, halafu anataka kujifungia ndani na pazia kashusha? Yesid alipoingia bafuni, akamwandikia Luz Dary, msichana waliyepanga naye chumba kimoja Medellín.

"Shosti, rafiki wa siri anakuletea vitamu mpaka mlangoni kwako?"

Jibu likaja hapo hapo: "Wetu wanaweka mezani kazini. Wa nyumbani mwenzangu simjui. Kwani vipi?"

"Nimekuta kashata. Utepe mwekundu."

"Weeee! Wanafichuana lini?"

"Kesho mchana. Anasema ni wafanyakazi tu."

"Muongo! Ofisini kwa mama watu wanakuja hadi na mama mkwe. Nenda huko. Ukikataliwa, ujue."

Asubuhi Yesid alikuwa anapiga pasi shati, anapiga na mluzi.

"Nakuja na wewe," Nayra akasema.

Mluzi ukakatika. "Utachoka bure, mpenzi. Watu wenyewe wazee, ni stori za makontena tu."

"Nakuja, au napanda basi la mchana huu huu narudi zangu. Chagua."

Akachagua. Angefanya nini?

Walikutana kwenye mgahawa jirani na ofisi, meza ndefu, samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Nayra alikaa anawakagua wanawake wa pale mmoja mmoja. Yule wa mapokezi mwenye kucha ndefu? Yule anayecheka kila Yesid akifungua mdomo? Watu wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, kila mtu anamsifia na kumsimanga aliyemchomoa, wenzake wanabahatisha jina, zawadi inatolewa, makofi.

Akasimama Don Arístides, mhasibu, mzee wa tumbo na ndevu nyeupe.

"Mimi niliyemchomoa anachelewa kazini kila Jumatatu! Nywele anazipaka mafuta kuliko huyu samaki!"

"Yesiiiid!" meza nzima ikapiga kelele.

Mzee akatoa mkanda mpya wa ngozi, wakakumbatiana. Nayra alihisi mabega yanashuka. Kumbe ni mzee wa watu! Usiku kucha amekosa usingizi, anamwonea wivu babu mwenye kipara! Alijicheka mwenyewe, akainuka na furaha yake yote, akamfuata.

"Don Arístides, asante sana kwa kashata. Jana tumezimaliza."

"Kashata zipi, binti?"

"Zile za mlangoni. Zenye utepe."

"Mimi tena?" Mzee akageukia wenzake, anacheka. "Jamani, mimi huyu nimemwekea karanga mezani kwake wiki nzima! Kwake kwenyewe sikujui, hata mnipeleke kwa pingu siwezi kuonyesha!"

Meza ilicheka. Yesid alikuwa anachezea mkanda wake mpya, anafunga na kufungua.

Wakapanda teksi.

"Haya," Nayra akasema. "Nasikiliza."

"Nilinunua mimi."

"Nini?"

"Kashata. Nilikununulia wewe, nikazitundika kabla sijaja kukupokea kituoni. Nilitaka ufurahi. Wewe ukanirukia kama askari, hata salamu hakuna! Nikaona aibu, nikasingizia mchezo."

"Uliona aibu kuniambia umeninunulia kashata."

"Nilikosea. Nipige basi." Akamshika mkono, macho yake makubwa yamelegea. "Nayra, mimi nataka ubaki. Nikitaka kukudanganya, ningekuita huku?"

Nayra akageukia dirishani. Kila alichouliza kilipata jibu, na kila jibu lilikaa sawasawa, hakuna lililopwaya. Mtu mkweli si huwa anakwama mahali? Lakini alimpenda, na alitaka sana kuamini, hilo ndilo lililomuuma.

"Bahari?" akauliza.

"Kesho asubuhi, kabla ya basi lako. Naapa kwa mama yangu."

Jumapili Yesid aliamka mchangamfu kupita kiasi. Akambusu kwenye paji la uso. "Naenda kona hapo kuleta arepa za mayai, mikate ya mahindi ya kwetu pwani, za motomoto. Tukishakula, tunaenda ufukweni."

Nayra alikuwa anakunja nguo zake aliposikia hodi. Akafungua.

Mlangoni alisimama mwanamke wa rika lake, nywele ndio kwanza zimetoka saluni, boksi la zawadi kwapani, na mkononi puto kubwa jekundu la umbo la moyo. Boksi lilikuwa na utepe. Utepe ule ule.

"Samahani," mwanamke akasema, tabasamu likaanza kupungua. "Hapa si kwa Yesid?"

"Ni hapa."

"Wewe ni nani?"

"Nayra. Na wewe?"

"Maryuris." Akasubiri kuona kama jina litajulikana. Halikujulikana. "Mchumba wake."

Nayra alishika mlango.

"Kashata ni zako?"

"Umezila?" Maryuris akawaka. "Umezila kashata zangu? Nimepika kwa mkono wangu, wiki nzima kila nikitoka kazini natundika hapo!"

"Kwa nini hukuingia?"

"Mchezo! Tunacheza wawili tu. Yeye ndiye aliyebuni. Kaniambia wiki hii nisigonge, nitundike tu niondoke, ndiyo raha yake. Tunafichuana leo jioni, saa kumi na mbili. Mie nikashindwa kusubiri."

"Basi langu linaondoka saa kumi."

Wakatazamana. Puto lilikuwa linagongagonga fremu ya mlango.

"Rafiki wa siri, watu wawili," Nayra akasema taratibu. "Sasa hapo siri ni ipi, Maryuris? Siri nilikuwa mimi."

"Uko naye tangu lini?"

"Tangu Januari. Medellín. Anataka nibaki tuoane."

Maryuris alicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Mimi mwaka wa tatu. Nani unafikiri alikuwa anamlipia chumba huko Medellín? Nimesuka vichwa vya watu mpaka vidole vimepinda."

Hasira ya Nayra ilikuwa imeshajiandaa kumrukia huyu mwanamke. Ikakosa pa kutua.

Mluzi ukasikika kutoka kona, halafu Yesid mwenyewe, mfuko wa arepa mkononi.

"Mpenzi, nimepata za mo..."

Akasimama.

"Umenunua ngapi?" Nayra akamuuliza.

"Eh?"

"Arepa. Ngapi?"

"Mbili."

"Zinatosha."

Akamnyang'anya mfuko, moja akampa Maryuris, ya pili akaing'ata yeye. Zilikuwa za moto kweli.

"Nayra, ngoja nikueleze. Maryu, mama, sikiliza..."

"Unaanza na nani?" Maryuris akauliza, anatafuna. "Sisi tunasubiri. Chagua wa kumweleza kwanza."

Yesid akamtazama huyu, akamtazama yule. Yule kijana mwenye jibu la kila swali akaanza tena kuchezea mkanda wake mpya.

Nayra akaenda kuchukua begi lake. Aliporudi mlangoni, machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho, na hakuyafuta.

"Unakwenda wapi, mwenzangu? Si umesema basi ni saa kumi?" Maryuris akamuuliza.

"Naenda kutafuta bahari. Tangu Ijumaa ananiambia kesho."

"Hujaiona?" Maryuris alishangaa hadi arepa ikasahaulika mkononi. "Umekaa Cartagena siku zote hizi na bahari hujaiona?"

"Maishani mwangu sijaiona."

Maryuris akamgeukia Yesid, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele za mafuta. Hakumtukana. Boksi lake alilibana vizuri kwapani, puto akalifunga kwenye kitasa cha mlango, pale pale penye alama ya tepe zake, akakaza fundo.

"Tumeshafichuana," akamwambia. "Twende, Nayra. Basi la ufukweni linapita hapo mbele."

Walisimama ndani ya maji mpaka magotini, viatu mkononi. Wimbi likampiga Nayra, akapiga yowe kama mtoto, Maryuris akamshika mkono asianguke. Nayra akachota maji kwa kiganja, akayaonja.

"Kumbe kweli ni chumvi!"

"Ulidhani watu wanatania?"

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Kwenye boksi lililofunguliwa mchangani kulikuwa na shati la harusi, jeupe, la kitani. Maryuris alikuwa ameamua kulirudisha dukani kesho yake.

Simu ikaita ndani ya begi. Yesid. Ikaita tena, tena Yesid. Mara ya tatu ulikuwa ujumbe wa Luz Dary: "Shosti, kesho ndiyo mwisho. Nimwambie mratibu wa chuo unabaki au?"

Nayra akaandika kwa vidole vyenye chumvi: "Mwambie sibaki. Desemba narudi Cochabamba, chuo changu kinanisubiri."

"Maskini wewe. Na bahari je?"

"Nimeiona."