Upande wa Kulia Juu

Nilichofuata mle ndani kilikuwa choo, si sanamu.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kinugawa, basi letu la wazee halijafika, na baridi ya Novemba haina heshima kwa kibofu cha bibi wa miaka sabini na minane. Shoga yangu Kinue akanivuta mkono kuelekea makumbusho ya sanamu za nta.

“Twende tukapige picha na watu maarufu.”

“Maarufu gani? Mishumaa yenye nywele!”

“Afadhali wao wana nywele, mwenzangu.”

Tukaingia. Kinue akamkumbatia mcheza mieleka ya sumo wa nta kama mume aliyerudi safari. Mimi nikafuata mshale wa choo, nikapita pazia moja, na hapo nikakutana naye.

Ranko Mizuhara. Mwimbaji, kipenzi cha taifa. Sanamu tu, maana mwenyewe yu hai, na jioni ileile alikuwa aimbe Tokyo.

Ndiye aliyemuua mdogo wangu Fusae.

Fusae alikuwa akimvisha kimono kila onyesho. Majira ya baridi fulani, kule Akita, mkanda ukamlegea Ranko jukwaani. Akamtoa Fusae nje kwenye theluji, bila koti, asimame mpaka nyimbo ziishe. Mapafu yakashika homa. Siku ya saba akafa. Nilimvisha mimi kimono chake cha mwisho, upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto, kama wavishwavyo maiti. Aliye hai hulaza wa kushoto juu. Hata mtoto wa chekechea hakosei hapo.

Nikaitazama ile sanamu kifuani.

Upande wa kulia ulikuwa juu.

Nikavaa miwani. Kulia, juu. Mpumbavu gani amemvisha? Ndipo nikaona fundo la kamba ya mkanda, ncha zote mbili zimechomekwa kuelekea chini. Fundo la mtu wa mkono wa shoto. Maisha yangu yote nimemjua mmoja tu aliyefunga hivyo: Fusae.

Ubani ukanukia. Hakuna aliyewasha kitu.

Tone... tone... Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni mwa sanamu.

“Dada...” Midomo haikutikisika. “Niwekee kola vizuri... nina baridi...”

Nilirudi nyuma hatua moja. Chuki ikanisogeza tena mbele.

“Baridi?” nikanong’ona. “Fusae alisimama saa mbili nzima. Wewe hata dakika hujamaliza.”

“Dada... nakuomba...”

Kuiweka vizuri ilikuwa kazi ya vidole viwili tu. Nikaishika ile kola kwa mikono yote miwili.

Nikaikaza.

Ndani ya nta kitu kikalia kak... kama barafu inayokanyagwa. Kisha kimya. Choo nilikisahau.

Tulipokuwa mezani hotelini, televisheni ikatangaza: Ranko Mizuhara ameanguka akivishwa kimono, dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Amekufa. Kipande cha tofu kikaponyoka kwenye vijiti vya Kinue.

“Maskini! Si tumemwona leo!”

“Wewe ulimwona mcheza sumo,” nikamjibu, nikamaliza wali wangu wote. Ulikuwa mtamu. Sisemi uongo.

Ni bafuni, maji ya moto yakiwa shingoni, ndipo akili iliponijia. Ranko alikuwa malkia wa jukwaa. Hakuwahi kumwita mtu yeyote “Dada”.

Kuna jambo sikulisema. Usiku ule wa Akita Fusae alinipigia simu akiwa bado nje kwenye theluji, meno yakigongana. “Dada, nina baridi. Nije nyumbani?” Nami nikamwambia kazi ni kazi, avumilie. Nikakata.

Basi nani aliyeniomba leo?

Nikatoka, nikavaa vazi la hoteli, kushoto juu, kama nilivyovaa tangu utoto. Kinue akaangua kicheko.

“We bibi, mbona umevaa kimaiti?”

Nikatazama. Kulia, juu.

Nikarekebisha. Nilipoketi kitandani upande wa kulia ulikuwa umerudi juu. Nikarekebisha tena, nikaushika mkanda kwa nguvu zangu zote... Ndipo nilipovihisi. Vidole. Baridi ya theluji. Vikaondoa mikono yangu taratibu, kama anavyofanya mvishaji mzuri, vikalaza upande wa kulia juu, vikafunga, vikachomeka ncha kuelekea chini.

Kinue amelala, anakoroma. Mimi natetemeka chini ya mablanketi matatu. Kila ninapoinua mkono kushika kola, pumzi baridi hunigusa sikioni.

“Vumilia, Dada.”