Tangazo Lenye Maua

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye duka la bibi yake la kushona nguo ili amtungie uzi. Bibi alikuwa fundi hodari na mkono wake haukutetemeka hata kidogo, ila tundu la sindano lilikuwa limemshinda siku nyingi. Chiriku alitunga sindano kumi, akazichomeka kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani, na bibi akawa na za kutosha mpaka kesho. Muda wote huo mdomo wa Chiriku haukupumzika. Ndiyo maana walimwita kwa jina la ndege mpiga kelele.

Alhamisi hiyo alikuwa na la kusimulia kweli. Jumamosi darasa lao lingeigiza mchezo mbele ya wazazi, na malkia alikuwa yeye. Joho la malkia lilikuwa palepale mezani, jekundu, limepigwa bandi kwa uzi mweupe wa kushikiza tu.

"Njoo ulijaribu," bibi alisema.

"Bibi, si ulishanipima? Shona tu!"

"Futi hupima, mwili ndio husema. Nguo nikishaipiga bandi, mwenyewe huivaa kwanza. Ikibana, nafumua uzi mmoja. Nikiishona moja kwa moja, nitafumua mpaka nilie."

Chiriku akavaa, akageuka huku na huku. Kwapani lilibana. Bibi akacheka, akafumua.

Kisha Chiriku akatoa simu ya mama yake. Mafundi walikuwa wameezua paa la ukumbi wa shule, kwa hiyo mchezo ulihamishiwa kwenye karakana ya maseremala karibu na soko. Mwalimu alimpa yeye kazi ya kutengeneza tangazo la kutumwa kwenye simu za wazazi. Chiriku alijaza maua kila pembe, akaweka shairi la makaribisho na majina ya waigizaji wote ishirini na wawili. Ili yote yaenee kwenye kioo kimoja, aliyapunguza maandishi mpaka yakawa kama mayai ya chawa, tena ya kijivu juu ya maua ya waridi. Habari ya karakana ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, chini.

"Bibi, hebu soma!"

Bibi akaisogeza simu karibu na pua, kisha akaipeleka mbele mpaka mkono ukaisha. "Mh! Maua mazuri sana, mjukuu wangu," akasema, akairudisha.

Mwalimu alikuwa kijana mwenye macho ya mwewe, akalisoma tangazo bila shida. Hata hivyo Ijumaa asubuhi alimuuliza Chiriku, "Umempa mtu mzima alisome?"

"Ndiyo, Mwalimu. Bibi amelisoma lote."

Uongo huo ulitoka bila kukwama, na tangazo likatumwa.

Jumamosi saa nne kamili, karakana ilinukia mbao mbichi na mabenchi yalikuwa yamepangwa vizuri. Juu yake walikaa wazazi watatu.

"Mama yako yuko wapi?" Chiriku alimuuliza Jitu, mvulana mdogo kuliko wote darasani, ambaye alikuwa simba.

"Aliniuliza mchezo uko wapi, nikamwambia asome tangazo."

Kumbe wote walikuwa wamejibu hivyo nyumbani.

"Basi malkia hana joho wala watu wa kutawala," Jitu alisema. "Na mimi simba sina wa kumtisha!"

Simu ya mwalimu ikalia. Sauti ya bibi ilisikika karakana nzima. "Mwalimu, mbona mmetufungia nje? Tuko umati mzima hapa ukumbini, jua linatuchoma, na joho ninalo mkononi!"

"Lakini bibi, si ulilisoma tangazo lote?"

"Nilisoma maua!"

Mwalimu akamtazama Chiriku. Chiriku angeweza kusema bibi amesahau. Wazee husahau, nani angebisha? Lakini alimfikiria bibi amesimama juani na joho lake, akaona atakuwa amemkosea mara mbili.

"Mwalimu, bibi hakulisoma," alisema. "Nilikudanganya. Maandishi niliyafanya madogo mno."

"Hilo tutalizungumza. Sasa watu wanaungua. Andika upya."

Chiriku akaandika kwa herufi kubwa nyeusi, bila ua hata moja: MCHEZO UKO KARAKANA YA MASEREMALA, KARIBU NA SOKO. NJOONI. Kabla ya kulituma alimkimbilia seremala mzee kuliko wote.

"Babu, soma. Usivae miwani!"

"Nimeshalisoma kabla hujanifikia, mtoto wangu," mzee akajibu.

Haikupita nusu saa, wakasikia vicheko na vigelegele barabarani. Wazazi walikuja kama wanaosindikiza bibi harusi, na mbele yao bibi, joho kichwani kumkinga na jua. Mchezo ulianza umechelewa, lakini ulinoga. Jitu alinguruma mpaka mkia ukadondoka, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Walipomaliza, Chiriku alimwendea bibi kichwa chini. "Nisamehe, bibi. Nilisema umelisoma."

"Na mimi niliona haya kusema sioni. Uongo mmoja tumeushona watu wawili," bibi alisema. "Jumatatu nakwenda kupimwa macho. Lakini wewe, unayenitungia uzi kila siku, hukujiuliza macho haya yatasoma nini?"

Chiriku akalivua joho, akampa bibi.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Joho hili nilikushonea wewe, ndiyo maana nilikuvalisha wewe kabla ya kulimaliza. Maandishi nayo yana mwenyewe, naye ni msomaji. Usiyapime kwa macho yako. Na ukiulizwa kama yamejaribiwa, sema kweli, hata kama kweli itakurudisha mezani uanze upya."

Wiki iliyofuata mwalimu alimpa Chiriku kazi ya tangazo jingine, la siku ya michezo. Alipita dukani, akatunga sindano zake kumi, akamnyooshea bibi simu.

"Bibi, nimelipiga bandi tu. Hebu livae."

Bibi akavaa miwani yake mipya, kisha akaivua makusudi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akagonga kioo kwa kidole chenye kastabini ya kushonea.

"Hapa," akasema, "linabana kwapani."

Chiriku akacheka, akafumua.